Kwa Nini Goti la Mtu Mzima Hulia Kabla ya Kusimama

Kabla goti halijajua kulalamika, mwanadamu aliinuka kama moshi: bila sauti, bila kushika ukuta, bila kumtaja mama yake. Vikongwe waliruka mitaro. Ninyi mnaocheka ndio hao hao mnaochuchumaa kuokota sindano, mkabaki huko chini mkitafakari maisha.

Wakati huo goti lilikuwa nchi. Juu alitawala Paja, chini akatawala Muundi, mifupa miwili ndugu wasiopatana. Wakigusana, ni kusagana. Ndiyo maana katikati yao ulitandikwa mkeka mweupe unaoteleza kama jiwe la mtoni, na ndani ya mkeka wakawekwa Wagegedu, wasusi wake. Kila Mgegedu alikuwa na chumba chake kisicho na mlango. Barabara ya Damu haikufika huko, wala njia ya kupeleka kilio kichwani. Chakula kililetwa na Bi Ute, maji mazito ya goti, naye alileta pale tu mwenye goti anapotembea: mguu ukikanyaga, mkeka unakamuliwa taka, mguu ukinyanyuka, mkeka unafyonza riziki.

Kazi yao ilikuwa kusuka, na ilikuwa kazi ya kudumu. Hakuna aliyeitwa kwenye intavyuu akaulizwa uzoefu wa miaka mitano, wala aliyeambiwa nenda, tutakupigia. Basi wakawa na majivuno ya mtu mwenye kiti chake. Jirani hakumsemesha jirani.

Mmoja wao aliitwa Sungwa. Chumba chake kilikuwa katikati ya mkeka, panapobeba uzito mkubwa, na kichwani alikuwa na sheria moja aliyorithi: mkeka ukichanika, usishone juu ya ubovu, fumua mpaka ufike penye uzima, ndipo usuke. Sheria nzuri kabisa. Msusi yeyote mwenye akili angeifuata.

Mwenye goti alikuwa Nyanzala, mwanamke mbishi. Siku moja alikuwa juu ya kihenge cha nafaka akiezeka upya paa kabla ya mavuno, na ngazi jirani alikuwa ameiazima. Wifi yake, Milembe, akamwita kutoka chini.

"Wifi, subiri niifuate ngazi."

"Ngazi ni ya wazee," Nyanzala akasema, akaruka.

Mguu ukatua juu ya gunzi la mahindi. Goti likageuka huku, mwili ukaenda kule.

Mkeka ukachanika. Bi Ute akapigwa na kiwewe, akafurika mpaka goti likavimba kama kibuyu, akapita chumba hata chumba akitangaza kwamba kumechanika. Wapi, hakusema. Watoa matangazo ndivyo walivyo.

Sungwa akashika sheria yake, akaanza kufumua. Jirani yake naye akafumua. Sungwa alipofika penye uzima akasuka ukili mpya. Jirani, akija kutoka upande wa pili, akaukuta, akauona haufanani na ule wa zamani, akasema huu ni ubovu, akaufumua. Naye Sungwa akaufumua wa jirani kwa sababu iyo hiyo. Vipande vikaelea kwa Bi Ute. Alivyoviona, akazidi kutangaza, na alivyotangaza, wakazidi kufumua. Nchi nzima ilikuwa kazini, kila mtu ana bidii, na kila mtu anaibomoa.

Huko chini Muundi akahisi paa lake linakuwa jepesi. Hakuuliza mtu. Akaanza kurundika mawe pembeni mwa goti, na alipokemewa na Bi Ute alijibu, "Mimi najenga. Ninyi endeleeni na matangazo yenu."

Nje, watu wakamshauri Nyanzala asiukanyage mguu. Masika yakaja, yakapita, yeye yupo kwenye kigoda. Na mguu usiokanyaga haulishi mtu. Sungwa akaanza kuona njaa, na mikono ya mwenye njaa haisuki, inafumua tu. Ukuta wake ukawa mwembamba mpaka akamsikia Muundi akipumua upande wa pili. Akaelewa. Ukuta ule ukiisha, Paja atamkuta Muundi, na siku hiyo Nyanzala hatainuka tena, wala Wagegedu hawatakuwapo wa kusimulia.

Asubuhi moja Milembe alisimama mbele ya kigoda, mkono kiunoni.

"Wifi, naona unaota mizizi. Tukumwagilie?"

"Usinichokoze. Goti linauma."

"Ukikaa linauma, ukisimama linauma. Si bora liume njiani, angalau upate umbea?"

Nyanzala hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akaegemea bega la wifi yake, wakashuka taratibu mpaka mtoni, penye kina cha kiunoni, ambapo mwili hauna uzito wa kutisha. Wakatembea majini wakiwateta watu. Kesho yake wakarudi, na kesho kutwa.

Ndani, mkeka ukabanwa kidogo, ukaachiwa. Chakula kikaingia. Sungwa akala, na mikono yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu kishindo kile. Katika utulivu huo akasikia jirani akichakura, akafanya jambo ambalo Mgegedu hakuwahi kulifanya. Akagonga ukuta.

"Wewe wa huko. Unafumua nini?"

"Takataka ya mtu asiyejua kusuka," sauti ikajibu.

"Mtu huyo ni mimi. Na hii ninayoifumua mimi ni yako."

Jirani akaacha kuchakura.

"Kumbe mpumbavu ni wewe," jirani akasema.

"Tuko wawili, mwenzangu."

Wakacheka mpaka ukuta ukatikisika. Jirani akagonga ukuta wa jirani yake, naye wa wake, na kufumua kukapungua, na Bi Ute, alipokosa vipande vya kutangaza, akanyamaza, akarudi kwenye kingo zake. Mkeka wa zamani haukurudi. Palipochakaa palibaki pembamba, na viraka vyake vilikwaruza. Lakini ulishika. Paja hakumfikia Muundi, na Sungwa aliegemea ukuta wake akashusha pumzi aliyoibana tangu siku ya gunzi.

Kisha wakafanya mapatano. Kwa kuwa Wagegedu hawana njia ya kupeleka kilio kichwani, na Muundi anayo, walimwomba awalilie wao kila Nyanzala akikaa mno au akijifanya kijana. Muundi akakubali, kwa sharti kwamba mawe yake yasiguswe.

Mavuno yaliyofuata, Nyanzala alipanda tena kihenge kukagua paa. Alipomaliza akakuta ngazi imeondolewa tena. Akatazama chini. Goti likanong'ona.

"Wifi," akaita, "ile ngazi ya wazee iko wapi?"

Na tangu siku hiyo, goti la mtu mzima lina vifundo vya mawe pembeni, nalo hulia kabla ya kusimama, na wazee hukunja na kukunjua miguu kitandani kabla hawajashuka. Kijana akiwaona huwasikitikia bure. Wanagonga ukuta tu, na wakijibiwa, huinuka wakaenda zao.