Mahindi ya Karantini

Haya, mpo?

Tupo!

Mmenawa mikono?

Tumenawa!

Nani huyo amekohoa huko nyuma?

Si sisi!

Basi achianeni nafasi, nianze.

Ulikuwa mwaka ule wa kikohozi. Mtendaji wa Kata ya Lambo Kuu alikuwa Bwana Kiboko, mwili nyumba, mdomo mlango. Kila asubuhi alibandika tangazo ubaoni, akaligonga muhuri, pwaa! Na wanyama wa Lambo Kuu mnawajua. Karatasi ikishagongwa muhuri, hakuna wa kuihoji.

Tangazo la kwanza: asitoke mtu, mahindi ya msaada yataletwa mlangoni. Pwaa! Wakakaa ndani, wakasubiri.

Tangazo la pili: chakula kikioza ghalani kitolewe siku hiyohiyo. Pwaa! Wakatikisa vichwa, wakasubiri.

Tangazo la tatu: asiyesikia harufu ndiye mgonjwa, afungiwe siku kumi na nne, na kazi yake waishike majirani. Pwaa! Wakanusa makwapa yao, wakasubiri.

Bi Kicheche naye alisubiri. Kicheche ni kale kanyama keusi kenye mistari myeupe, ukikaudhi kanainua mkia na wewe unahama mtaa. Siku ya tatu wanawe watatu hawakuwa hata na nguvu ya kulia. Akavaa barakoa, akaenda ofisini, akasimama mbali.

"Shikamoo, Bwana Mtendaji."

"Marahaba. Sema ukiwa hukohuko."

"Ni mahindi, Mzee. Watoto hawajala tangu juzi."

"Hayajafika, mama. Barabara mbaya. Subiri tangazo."

Alisema hivyo huku punje ya hindi imemganda mdomoni. Bi Kicheche aliiona, akapigwa na butwaa hata akasahau kuaga. Akazunguka nyuma, akachungulia dirisha la ghala. Lahaula! Magunia mpaka darini, na pembeni sufuria ya makande bado inafuka moshi. Mtu mzima, mtendaji wa kata, anakula chakula cha watoto waliofungiwa! Alilia pale ukutani, tena sana. Halafu akajifuta, akaupachika mkia kwenye nondo za dirisha. Fyuuu! Mara moja kwa kila mtoto. Fyuuu! Fyuuu!

Kisha akapita nyumba kwa nyumba. "Jamani, ghalani kumeoza kitu. Twendeni tukakitoe."

Wakaja, Nungunungu, Mzee Kobe na wengineo, macho yakiwatiririka machozi. Kiboko akatoka, kishindo pu! pu! pu!

"Mikusanyiko imekatazwa."

"Tumeachiana nafasi, Mzee," akasema Bi Kicheche. "Ila ghala lako linanuka. Tangazo la pili linasema kilichooza kitolewe leo, na muhuri ni wako."

Kiboko akavuta pumzi. Harufu ikamchoma mpaka masikioni. Lakini akayawaza yale magunia, akajikaza.

"Kuoza gani? Mimi sisikii harufu yoyote."

Bi Kicheche akainua masikio.

"Hata kidogo, Mzee?"

"Hata chembe."

Mzee Kobe akarudi nyuma hatua mbili, na kwake hiyo ni safari. "Hasikii harufu," akasema polepole. "Mtendaji ni mgonjwa."

Wote wakarudi nyuma. Kiboko akawafuata.

"Ngojeni. Nasikia. Inanuka, inanuka vibaya sana."

"Basi mahindi yameoza, tuyatoe."

"Hayajaoza! Wala hayanuki!"

"Basi unaumwa, baba. Ingia ndani. Siku kumi na nne."

Kiboko akaitazama karatasi ubaoni. Hakuwahi kufikiri kwamba inamhusu na yeye. Akaingia ofisini mwenyewe, mlango ukafungwa, kacha!

Kazi yake wakaishika majirani, wakaanza kutoa magunia ghalani. Nyuma ya magunia wakakuta sabuni, ndoo na maboksi ya barakoa, zilezile walizoambiwa zimeisha. Nungunungu, aliyekuwa amejifunga jani la mgomba usoni tangu mwezi uliopita, akakaa chini, akalifungua lile jani.

Mahindi yalilowekwa, yakaoshwa maji saba, yakasagwa. Usiku ule kila nyumba ilisonga ugali.

"Mama," akasema mtoto mdogo wa Bi Kicheche, "huu ugali una harufu yako." Akamega tonge jingine.

Mimi nilipofika sufuria ilikuwa tupu, nikaondoka na maneno tu, ndiyo hayo nimewapa.

Na fundisho lake ni hili, wanangu: mkubwa akikuambia chakula hakijafika, mwamini, rudi nyumbani ukalale. Kuchungulia madirisha ya watu ni tabia mbaya.