Sentensi Iliyomfanya Mzee Kilave Aachie Kitasa

Hapo zamani, si zile za majitu na mazimwi bali hizi za juzi tu, palikuwa na mama mmoja kijana akiitwa Tusajigwe. Alikuwa na mtoto wa kunyonya, Lusajo, na muswada wa filamu alioutunga mwenyewe huku akimnyonyesha.

Mjini kwao palikuwa na kampuni ya filamu, na kampuni ilikuwa na kiti kimoja kitupu. Kilikuwa cha mtu wa kutunga sentensi za filamu: sentensi moja tu kwa kila filamu, ya kumfanya mtu atake kuiona nzima. Anayekitaka alete hadithi yake na sentensi yake. Tusajigwe alikitaka kiti kile kuliko nguo mpya. Ndiyo kazi pekee aliyopata kuisikia ambayo mtu angeifanya mtoto akiwa pajani.

Msimamizi, Mzee Kilave, alikuwa na desturi yake. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango. Sentensi ikimshika, aliachia kitasa akakaa. Isipomshika, alifungua mlango, akakuaga kwa heshima.

Tusajigwe akaenda. Nyumbani kwao alifundishwa kwamba mtu hatajwi peke yake. Utamtaja na mzazi wake, ndiyo adabu. Basi akasema: "Sekela, binti wa mzee Mwakitalima wa ng'ambo ya mto, mkunga, aliyemzalisha Tumpe, binti wa Mwalimu Anyosisye, mke wa yule fundi seremala, mtoto wa..."

Mzee Kilave akafungua mlango. "Wazazi wao nimewafahamu," akasema kwa upole. "Hadithi bado. Rudi tena, mama."

Nyumbani akamkuta mama mkwe wake, Bibi Gwantwa, anakoroga uji, Lusajo mgongoni.

"Hebu nisimulie na mimi," bibi akasema. Alipokwisha kusikia akauliza, "Sasa mkunga akiitwa si anakwenda? Huyu wako mbona haendi?"

"Ameapa hatazalisha tena, mama."

"Kaapa kwa nini?"

"Tumpe alimsingizia kwamba kamuua mtoto wake. Akamharibia jina mji mzima. Na sasa aliyeshikwa na uchungu ni huyohuyo Tumpe."

Bibi akaacha kukoroga. "Na hilo ulikuwa umeliweka wapi? Umenizungusha kwa mashangazi wa watu, kumbe nyama iko chini kabisa sufuriani."

Ndipo Tusajigwe akang'amua. Alikuwa ameandika hadithi nzima bila kujua lipi ndani yake ni kubwa.

Akaenda tena, safari hii Lusajo mgongoni. "Kuna mkunga aliyesingiziwa na mwanamke, akaapa kutozalisha tena, halafu mwanamke yule akapata mimba, akashikwa na uchungu, akamtuma mtu, naye mkunga akafikiri sana, maana..."

Vidole vya Mzee Kilave vilikuwa vimeanza kulegea. Vikakaza. Akafungua mlango. "Nilikaribia kukaa," akasema. "Rudi tena, mama."

Njiani akapita kwa jirani yao Ambokile, mwenye banda la video. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni akiwatangazia wapita njia sinema ya siku ile. Alipoona Lusajo amelala, akazima jenereta. Watazamaji wakanung'unika.

"Kelele zitamwamsha mtoto," akawajibu. "Na ninyi hiyo mmeshaiona. Bondia anashinda."

Akamsikiliza Tusajigwe mpaka mwisho. "Dada, mpita njia hasimami. Mpe mtu wa kumhurumia, mpe kinachomzuia, mpe kitakachopotea akichelewa. Mengine atayakuta ndani. Mto si umejaa? Daraja umelificha mwishoni kabisa, lilete mbele." Akakata hapa, akahamisha pale.

Tusajigwe akaenda mara ya tatu. "Mkunga aliyeapa kutozalisha tena analazimika kumzalisha mwanamke aliyemharibia jina, kabla mto haujabeba daraja."

Mzee Kilave akaachia kitasa. Akavuta kiti cha wageni, akampa mama mwenye mtoto, ndipo na yeye akakaa.

"Umeitunga mwenyewe?"

Neno "ndiyo" peke yake lingetosha. Tusajigwe akamtazama Lusajo, akasema yote: swali la mama mkwe, na kukata kwa jirani. Mzee Kilave akaagiza wote wawili waitwe.

Ambokile akasema, "Hadithi ni yake, sibishi. Lakini kiti si cha hadithi, ni cha sentensi. Mara mbili alikuja na hadithi hiyohiyo, akafunguliwa mlango. Nilipoipitia mimi, mzee akakaa. Nami kazi naihitaji. Banda langu siku hizi lina viti vingi kuliko watu."

"Wewe ulikata nguo," Bibi Gwantwa akasema. "Kitambaa nani alikitoa sandukuni? Kabla sijauliza hapakuwa na kiapo wala ugomvi, palikuwa na ukoo tu. Kusoma sijui. Ila miswada iliyolala humu ndani inataka mtu wa kuiuliza, na kwa kuuliza, mjukuu wangu, hunifikii."

"Hapo nakubali, bibi. Kila asubuhi unaniuliza nitaoa lini."

"Na hujajibu."

Tusajigwe akasema polepole, maana aliwapenda wote wawili. "Mama aliuliza, jibu likatoka kwangu. Kaka Ambokile alikata, na alichokikata kilitoka kwangu. Sekela ni wangu, kiapo ni changu, daraja nimelijenga mimi. Na mlangoni pale nilirudi peke yangu, nikijua naweza kufunguliwa tena. Ningetaka kuwaficha, mngekuwa nyumbani sasa hivi."

Mzee Kilave akawatazama mmoja mmoja. Kiti ni kimoja, na hakikaliwi na watu watatu.

Basi ninyi mliosikia, msinitazame mimi. Yuko aliyeizaa hadithi na kusema kweli, yuko aliyeuliza swali, na yuko aliyeikata sentensi ikakatika vizuri. Je, nani alistahili kukaa?