Rufaa za Mtamba Mwekundu

Bwana Lugembe, tajiri wa mifugo, alimdai mjane Nyamizi mtamba mwekundu, mnyama pekee aliyekuwa naye. Mahakama ya Mwanzo ikaamua mtamba ni wa Nyamizi.

"Nakata rufaa wilayani!" Lugembe alifoka.

"Kata, baba," alisema Nyamizi. "Mtamba utamkuta kwangu mpaka kesi iishe."

Wilayani Lugembe akashindwa. Nyamizi akamfuata nje. "Baba, mtu mzito kama wewe unaishia hapa? Si kuna Mahakama Kuu?"

Mahakama Kuu nayo ikamkatalia.

"Pole, baba. Bado Mahakama ya Rufani. Juu ya hiyo hakuna nyingine."

Miaka ikapita, na huko juu kabisa Lugembe akashinda. Akaja na wachungaji wake, akakuta zizi limejaa ng'ombe wekundu.

"Swageni wote!"

"Hukumu inataja mmoja, baba." Nyamizi akamwonyesha ng'ombe kikongwe, hana meno, amelala kivulini. "Ndiye yule."

"Na uzao wake?"

"Huo hakuna hakimu aliyeutaja. Fungua kesi."

"Wapi?"

"Mahakama ya Mwanzo, baba."