Joho Lililorudishwa kwa Liwali

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa elimu alikuwako sheikh mchamungu, Mundhir bin Wathila. Liwali wa mji alimvisha joho la ukuu wa madrasa kuu, lakini akamfunga kwa sharti: mwalimu yeyote asibadilishe kitabu, wala saa, wala namna ya kusomesha, mpaka Liwali mwenyewe atie muhuri.

Maombi ya walimu yakalala miezi barazani kwa Liwali. Wanafunzi wa mirathi walikariri mafungu mwaka mzima, na akifa mtu mtaani, hapana hata mmoja aliyeweza kuwagawia wafiwa haki yao. Sheikh Mundhir akaona hiyo ni dhuluma. Akamwita mwalimu wao, jina lake Zurara, akamwambia, "Darasa ni amana yako. Fanya uonalo kuwa na manufaa. Nitakayeulizwa ni mimi."

Zurara akachora shamba mchangani. Akamfanya mwanafunzi mmoja mjane, mwingine mama wa marehemu, wengine watoto, akawaambia wagawane. Wakabishana, wakakosea, wakarudia. Haukupita mwezi, wakaanza kuitwa majumbani kugawa mirathi.

Liwali alipopata habari, alifika madrasani amefura.

"Nani kathubutu kuigeuza elimu mchezo? Nitajie jina lake!"

"Idhini niliitoa mimi," akajibu Sheikh.

"Basi Ijumaa utaifuta mbele ya watu, ama utavua joho."

Siku zile Sheikh hakupata raha. Alikuwa mtu mzima, ana wanaomtegemea, wala hakuwa na kazi nyingine. Aliogopa, na hofu yake hakumficha Mola wake.

Ijumaa, baada ya sala, akasimama. Akavua joho, akaliweka mbele ya Liwali.

"Ewe Liwali, umenikabidhi madrasa na mkono wako hujauondoa. Hukunipa ukuu, umenipa nguo. Nguo yako hiyo. Idhini ya mwalimu wangu siifuti!"

Liwali akamgeukia mwanachuoni mwingine. "Livae wewe."

"Walimu watakuwa na idhini?"

"La."

"Basi silivai."

Wa tatu akasema vivyo hivyo. Wa nne hata hakuuliza, alitikisa kichwa tu. Liwali akaondoka na joho lake mkononi, na kwa kukosa wa kumtii, habari ya mihuri ikafa.

Sheikh Mundhir hakurudishiwa cheo. Alisuka mikeka akala kwa jasho lake, na kila asubuhi alikwenda kuketi na wanafunzi wa Zurara. Siku moja akapewa nafasi ya mjomba wa marehemu, asiyerithi kitu, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Ndugu zangu, amana haikabidhiwi nusu. Amtwikaye mwenziwe mzigo kisha akamfunga mikono amemdhulumu. Na aukubaliye uongozi wa namna hiyo kwa kupenda heshima tu, amewadhulumu walio chini yake. Mola atupe ulimi wa kusema "sikubali" panapostahili, na subira ya kuyabeba yatakayofuata.