Babu Aliyelala Ndani ya Barafu

Hapo zamani, wala si za kale sana, palikuwa na mlima wenye barafu kichwani. Wewe unayesinzia hapo nyuma, amka! Hadithi hii si ya kumbembeleza mtu alale.

Kwenye pango chini ya barafu aliishi Bi Pimbi na wanawe watatu. Ndo! Ndo! Ndo! Barafu iliwadondokea jiweni, nao wakanywa. Maji yaliyobaki yaliteremka yakawa mto, na huko bondeni Mfalme Tembo na jamaa zake wakanywa na kuoga.

Kila kiangazi Tembo aliamuru nyika ichomwe, ili yachipue majani mapya, laini. Moto ulilia bubububu! Moshi ukapanda, masizi yakatua juu ya barafu. Ikawa nyeusi kama tako la sufuria, jua likaipata vizuri, ikayeyuka upesi. Mto ukafurika.

"Mnaona?" Tembo alicheka. "Tukichoma, mlima unatuongezea maji! Mwakani tutachoma mpaka juu."

"Naam, Mtukufu!" aliitikia waziri wake, Nyati, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema hapana.

Bi Pimbi akashuka mbio, tuku tuku tuku.

"Mtukufu, hiyo si zawadi, ni akiba inayokwisha. Zamani barafu ilifika mlangoni kwangu, sasa naifuata mbali. Acheni moto, wanangu wasije wakafa kwa kiu."

"Lo! Kidude kisicho na hata mkia kinanifundisha kutawala!" Wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Bi Pimbi akaona hapa ukweli hauna mnunuzi. Akasogea, akanong'ona:

"Basi, sikutaka kusema. Babu yako hakufa, Mtukufu. Amelala ndani ya barafu. Juzi nimemsikia akikoroma, khrrr! Barafu ikiisha ataamka, aje kudai kiti chake."

Masikio ya Tembo yakasimama wima. "Babu? Yule mkali?"

"Huyo huyo."

"Zimeni moto! Zimeni wote!"

Kiangazi kilichofuata hapakuwa na moshi. Barafu ikarudia weupe wake, nao watoto wa Bi Pimbi wakanywa wakashiba. Mama yao alicheka peke yake pangoni. Ningependa kuishia hapa, wanangu, lakini nitakuwa mwongo kuliko Pimbi.

Tembo usingizi ulimpaa. Radi ikinguruma, yeye husikia khrrr! Akitazama kiti chake, humwona babu amekikalia. Siku moja akamwita Nyati.

"Adui aliyelala huuawa kabla hajaamka."

"Naam, Mtukufu!"

Wakaukata msitu mzima, wakapanga kuni kuizunguka barafu, wakawasha. Bi Pimbi akatoka pangoni akipiga mayowe.

"Jamani, msichome! Nilidanganya! Hakuna babu humo!"

"Anayemficha angesema hivyo hivyo," alijibu Tembo. "Ongezeni kuni!"

Barafu ikapasuka, kwaa! Maji yakaporomoka kwa kishindo, yakasomba miti, mawe na ndama wa Nyati waliokuwa wakila majani bondeni. Kisha yakapungua. Kisha yakakatika kabisa.

Tembo akapanda tena kutazama, Nyati akimfuata. Akakuta mwamba mtupu, mweusi, wenye moto wa jua.

"Babu yuko wapi?"

"Nilikwambia hayupo."

"Na barafu?"

Bi Pimbi alimnyooshea kidole mwanawe mdogo, aliyekuwa akiramba lile jiwe la kunywea. Liliukwaruza ulimi wake mkavu, halikumpa kitu.

Ndipo Nyati, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akauliza swali.

"Mtukufu, sasa tutakunywa nini?"

Tembo alitazama bonde lote. Wote watatu wakabaki wakimsikiliza mtoto akilia.

Basi jueni hili, wanangu: anayechoma kila kitu ili asipokonywe kiti, hubaki amekalia majivu.