Jina Moja Mlangoni mwa Kontena

Bisha. Anayetaka kuniita mwongo aniite sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatwa kauli. Nasema watu watatu wa Nzega, wenye Jumamosi sita tu za kujifunza, walilifungua kufuli la pini tano bila ufunguo, na nyuma ya mlango mtu anakata roho. Unacheka? Cheka, meno ni yako.

Wa kwanza ni Nyanzobe, mshona nguo. Sindano ikianguka kwenye zulia, masikio yake yanakuonyesha ilipoangukia. Wa pili ni Shija, fundi baiskeli. Mkono wake ukishika kitu umeshika, hata nzi atue puani. Wa tatu ni Masunga, ulimi mrefu, shule aliiacha darasa la sita, lakini vidole vyake vinachomoa mwiba kabla mwenye mguu hajasema aah.

Kila Jumamosi walikaa nyuma ya banda la Shija wakichokonoa makufuli ya chuma chakavu kwa spoki zilizosagwa, kwa kujifurahisha tu. Sheria yao ilikuwa moja: kufuli lenye mwenyewe haliguswi. Na la pini tano hakuna aliyewahi kuliweza.

Sasa sikiliza. Saa saba mchana, jua limesimama utosini, mlio ukasikika ndani ya kontena la Mzee Lugendo, mchora mabango. Ko, ko, ko. Kufuli limebanwa kwa nje, mzee yumo ndani, na ufunguo mkewe kaondoka nao kwenda msibani Igunga. Harufu ya petroli ya kuchanganyia rangi ilikuwa ikipenya kwenye nyufa za mlango.

"Nimeangusha dumu," mzee akasema, sauti kama ya mtu aliye kisimani. "Kichwa kinaniwanga. Wanangu, fanyeni haraka."

Jirani akaja mbio na grenda. Shija akamzuia kwa kifua.

"Cheche moja tu, kaka, tunazikwa wote."

Nyundo nayo ikarudishwa. Watu wakatazamana, kisha wakawatazama wale watatu.

"Si ninyi mnaojifanya mabingwa," akasema mama muuza vitumbua. "Haya."

Masunga alitamani ardhi immeze. Jasho lilishamlowesha kabla hajaitwa.

Nyanzobe akabandika sikio kwenye chuma kilichopashwa moto na jua. Ngozi ikachomeka, sikio hakulitoa. Kila pini, kile kijiti cha ndani kinachozuia kufuli lisifunguke, ilipokaa mahali pake ilitoa mlio mdogo kama chawa anayebanwa kwa kucha, na ni yeye tu aliyeusikia. "Bado. Bado. Hiyo imekaa, nenda ya pili." Ndani: ko, ko.

Shija alikuwa ameshaingiza kipande cha chuma kwenye tundu, akikikaza kama anayezungusha ufunguo. Ukikaza sana pini zinagoma, ukilegeza kidogo zote zinaanguka, mnaanza upya huku mzee anakwisha. Msuli ukambana, machozi yakamtoka, mkono haukutikisika. "Masunga, mbona unatetemeka hivyo? Utadhani wewe ndiye uliyefungiwa." Ndani: ko.

Masunga ndiye aliyeshika waya. Aliuma mdomo mpaka akaonja damu. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuwa mwisho kabisa, inateleza.

Ndani, kimya.

"Mzee," Nyanzobe akaita. "Mzee Lugendo."

Kimya.

Masunga akafumba macho, akainyanyua ile pini taratibu, kama mtu anayeinua kope la mtoto aliyelala. Kufuli likafyatuka.

Mzee alitolewa midomo imebadilika rangi. Akatapika, akaishi. Wiki iliyofuata akaja bandani na brashi.

"Nataka kuandika jina la aliyenitoa, mlangoni mwa kontena langu. Jina moja. Bango la majina matatu halisomwi na mtu."

"Bila sikio hili wangekuwa bado wanachokonoa," Nyanzobe akasema, akionyesha kovu.

"Na bila mkono wangu ungesikia nini, dada? Kutu?" Shija akamjibu.

Masunga, domokaya yule, akaokota spoki, akaanza kuisaga.

Je, wewe ungeandika la nani? Usijibu upesi. Kuna mahali nimeparuka.

Siku ile mzee alipoingia, kufuli lilikuwa linaning'inia wazi kwenye komeo, kama mkewe alivyoliacha. Kuna mtu alipita akaliona, akausukuma mlango, akalibana kimyakimya, akakaa pembeni. Alingoja mzee apige kelele, watu wajae, naye alifungue kwa waya mbele yao apate sifa. Hakujua kwamba kufuli lile lina pini tano, wala kwamba mzee, akitafuta mlango gizani, angelipiga teke dumu la petroli.

Mtu huyo ni Masunga. Na Masunga ni mimi.

Mzee hajui. Mlango bado mtupu, na kila Jumamosi ananiuliza mimi kwanza, kwa sababu eti waya niliushika mimi. Haya, mwamuzi, kufuli umeliona lilivyofungwa na lilivyofunguliwa. Brashi ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?