Mifupa ya Popi

Leo nawapeleka bucha, wapendwa. Msinitazame hivyo, twendeni tu.

Kulikuwa na mama mmoja, mumewe fundi wa vigae. Maisha yalipokaza watu wakaacha kujenga, na fundi akawa anashinda nyumbani, anapanga na kupangua mabaki ya vigae uani. Yule mama akaanza kwenda bucha kuomba mifupa, ambayo wakati huo ilikuwa inatupwa kwenye ndoo. Lakini angeombaje mbele ya watu wanaomjua? Akasema ni ya mbwa.

Hakuwa na mbwa. Alikuwa na watoto wawili.

Nyumbani aliichemsha mpaka maji yakanukia, akatia nyanya na chumvi. Watoto wakiuliza nyama iko wapi, anawaambia imekwenda likizo, imeacha mifupa ilinde sufuria. Wanacheka, wanamaliza ugali wao, wanalala. Kicheko kile kilikuwa kitoweo, na sina ugomvi nacho hata kidogo.

Ugomvi wangu uko bucha. Mwenye bucha alikuwa mcheshi, tena si mjinga. Aliona mtaa mzima umeanza kufuga: fundi cherehani ana mbwa, mzee mstaafu ana mbwa. Akawa anawatania kwenye foleni, mbona mbwa wote hawa na usiku mtaa kimya? Akamwuliza yule mama mbwa wake anaitwa nani, naye kwa aibu akajibu Popi. Basi ikawa kila akifika anaulizwa, Popi hajambo, Popi leo anataka maini? Watu wanacheka, naye anacheka nao huku uso unamuwaka. Ungekuwa wewe ungefanyaje, ungegombana na mtu aliyeshika ndoo?

Jumamosi moja akakuta ndoo imebandikwa bei. Mifupa, jamani! Ile ile iliyokuwa inatupwa, leo fungu shilingi elfu moja. Mbele yake bwana mmoja mwenye gari alikuwa anapimiwa kilo tatu za steki. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba leo hana kitu. Mwenye bucha akafuta kisu chake taratibu.

"Basi mlete Popi mwenyewe," akasema. "Nikimwona kwa macho yangu, nampa bure."

Foleni ikaangua kicheko. Bwana wa kilo tatu alicheka mpaka akashika ukuta. Mama akageuka aondoke. Akaikumbuka sufuria. Tangu juzi watoto walikuwa wanakula ugali kwa chumvi, na ule utani wa likizo ulikuwa umechuja. Hasira ikampanda, akarudi.

"Popi ana miaka kumi," akasema. "Yuko darasa la nne. Mdogo wake yuko la kwanza. Wakitoka kucheza nitawapitisha hapa uwaone."

Kisha kule nyuma mzee mstaafu akakohoa.

"Wa kwangu ana miaka sitini na saba," akasema, "na meno hana, kwa hiyo mimi niwekee ya supu."

Fundi cherehani akasema wa kwake anashona suruali. Wakacheka tena, mama akicheka nao mpaka machozi yakamtoka, na safari hii kilichochekwa ni ile bei tu. Mwenye bucha akaibandua kwa mkono wake.

Na bwana wa kilo tatu? Mnataka niwaambie aligawa nyama? Hakugawa. Alichukua mfuko wake akawahi gari. Kesho yake alikuwa kanisani, benchi la mbele. Ibada ilipokwisha alimshika yule mama mkono mlangoni, akamwuliza, hamjambo nyumbani? Mama akajibu, hatujambo. Naye akaridhika!

Naona mmeshamchukia. Mchukieni pole pole, maana ndiye sisi. Tumesikia kwa masikio yetu wenyewe nani hali, halafu tunaulizana hali huku tunatembea, ili jibu lisitukute. Hali ni ngumu, tucheke, nani amekataza? Lakini hatuwezi kumcheka mwenzetu huku mfuko wa steki uko mkononi, kisha tukaita huo ni uchangamfu.

Leo tukitoka hapo nje sitaki kusikia hamjambo. Kila mmoja amwulize mwenzake Popi amekula nini. Na wewe ambaye tayari umeshika funguo za gari, simama usikie jibu.